Nilisema Ni Kifafa

Bwera, Jumapili mchana

Masika wangu,

Umekwenda Kyondo kumuaga bibi yako mzaa baba, na najua utarudi na mzigo, maana bibi hawezi kumwacha mtu aondoke mikono mitupu. Atakupa mihogo, atakupa kahawa, labda na kuku aliyefungwa miguu ambaye hutaweza kumfikisha Jinja. Begi lako liko hapa karibu na mlango. Shuka zimo, sabuni imo, barua ya chuo imo. Sitakuandikia habari ya kula wala kulala wala marafiki wa kuchagua. Kwa hayo umejitegemea tangu ukiwa darasa la sita. Nimekaa kukuandikia jambo ambalo sijaweza kulisema kwa mdomo miaka saba, ingawa tumelala chumba kimoja miaka yote hiyo.

Barua ya chuo inasema utasomea umeme wa majumbani. Ilipokuja niliisoma mara tatu. Nikakuuliza kwa nini umeme na si ushonaji, ukajibu, "Nimependa tu, Mama," ukaendelea kuosha sufuria. Nami nikaendelea kuchagua maharage. Sote wawili tulijua, na hakuna aliyetaja.

Niache nitaje sasa.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya mafuriko ya Kasese. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Baba yako alikuwa ameacha kazi ya kiwanda cha saruji, amekwenda Juba kuendesha lori. Miezi ya kwanza alipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Kisha mara moja kwa mwezi. Kisha namba ikawa haipatikani, nami nikaacha kuwaambia watu kwamba atarudi Krismasi. Babu yako, baba yangu, aliyenileta nchi hii nikiwa mtoto mgongoni, alikuwa amekwisha kuzikwa kule Kilembe alikochimba shaba mpaka mgodi ulipofungwa. Sikuwa na ndugu wa damu hapa. Nilikuwa na wewe, na duka, na friji.

Friji ile niliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama Kasese. Ilikuwa nyeupe, na mkono wake wa mlango ulikuwa wa chuma kinachong'aa. Katika safu yetu yote ya maduka ni mimi peke yangu niliyekuwa na soda baridi. Wanawake waliotoka ng'ambo ya mto wa mpakani siku za soko walikuja kwangu kwanza, kabla hata ya kutua mizigo yao vizuri. Nilijiona mtu. Usinicheke. Mwanamke aliyeachwa hutafuta kitu cha kusimama nacho mlangoni, mimi nikasimama na friji.

Ilianza kuuma kidogo kidogo. Kwanza niliisikia kama mchwa anatembea kidoleni. Nikadhani ni mikono yangu. Baadaye ikawa inapiga kweli, hasa nikiwa nimetoka kufua. Wateja wakafanya mzaha, wakasema friji ya Mama Masika inasalimia watu. Nilicheka nao. Niliweka kipande cha mbao mbele yake tusimame juu yake, nikakufundisha wewe uvae kandambili kila ukiikaribia na uufungue mlango kwa kitambaa kikavu. Ndivyo tulivyoishi nayo, kama watu wenye mbwa mkali wanavyojua upande wa kupita.

Unamkumbuka Masereka, fundi aliyekuwa na duka la redio karibu na kituo cha boda. Nilimwita aniwekee taa ya nje, akaiona ile mbao. Akauliza ya nini. Nikamwambia. Hakucheka. Alichomoa plagi, akaifungua, akanionyesha.

"Mama Masika, hapa inatakiwa kuwa waya tatu. Hii ya kijani na manjano imekatwa. Hata ingekuwepo, kwa ukuta wako haiendi popote. Nyumba hii haina waya ya kwenda chini."

"Chini wapi?"

"Chini kwa udongo. Huko ndani ya friji kuna waya imeisha ganda, inagusa bati. Umeme ikishatoka njia yake, inatafuta kwenda kwa udongo. Ukiipatia waya, itapita kwa waya na fyuzi itakatika. Usipoipatia, itangoja mutu."

Sijasahau neno hata moja. Alisema atachimba nyuma ya duka, apige fimbo ya shaba hadi ifike kwenye udongo wenye unyevu, avute waya mpya hadi kwenye soketi. Siku mbili bila umeme. Nikamwambia aje baada ya siku za soko. Na siku za soko, mwanangu, haziishi. Wiki ina mbili. Kila alipopita alisema, "Mama, ile kazi," na mimi kila mara nilisema, "Wiki ijayo, Masereka." Hata nikaanza kumkasirikia, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akinisumbua, wala si ile friji.

Kavira unamkumbuka pia. Alikuwa msichana tu, ameolewa hivi karibuni ng'ambo, upande wa Kasindi, ana mtoto wa kiume asiyejua bado kutembea. Alileta mafuta ya mawese sokoni pamoja na mama mkwe wake. Ndiye aliyekuwa akikuletea karanga kwenye kikaratasi na kukuita mukwe wangu, eti utakuja kuolewa na mwanawe. Siku ile mvua ilinyesha asubuhi nzima, kisha jua likatoka kali. Aliingia dukani amekunja kitenge hadi magotini, viatu mkononi ili visiharibike kwa tope. Miguu ilikuwa ikichuruzika maji, na ile mbao ya mbele ya friji ilikuwa imelowa tope la wateja. Mimi nilikuwa nampimia mtu sukari.

"Mama, unipatie soda. Jua iko kali."

Sikuinua kichwa. Nikasema, "Jifungulie tu, uchague."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko sala yoyote ninayoijua. Nilikuwa naijua ile friji. Ningeona miguu yake kama ningegeuka. Lakini sukari ilikuwa kwenye mizani na watu walikuwa wengi.

Hakupiga kelele. Nilisikia sauti kama ya mtu anayetaka kukohoa na kikohozi hakitoki. Nilipogeuka mkono wake ulikuwa umefunga kwenye chuma cha mlango, hauachii, na mwili wote unatetemeka. Nikaruka nikamshika kiunoni kumvuta. Ikanipiga na mimi, ikanitupa kwenye magunia ya maharage. Nilikuwa nimelala pale, naona, nasikia, siwezi kufanya chochote. Ndipo nilipokuona wewe ukipanda juu ya kreti la soda kwa kandambili zako, ukafika kwenye swichi ya ukutani ambayo nilikukataza usiiguse kamwe, ukaizima.

Kavira akaanguka. Wewe ulimwokoa, Masika. Pengine uliniokoa na mimi, maana ningeinuka nimshike tena. Sikujua kwamba mtu aliyekamatwa na umeme hashikwi, umeme ndio unaokatwa kwanza. Ulijua wewe wa miaka tisa. Sijui ulijulia wapi. Labda ulikuwa umekaa kimya pembeni siku ile Masereka anaongea, ukimsikiliza vizuri kuliko mimi.

Watu wakajaa mlangoni. Kavira alikuwa chini, macho yamegeuka, mate yanamtoka, miguu inarushwa rushwa. Mtu akauliza, "Nini hii?" Nikawaangalia. Niliona polisi, niliona duka linafungwa, niliona mimi na wewe barabarani na mabegi katika nchi ambayo sina ukoo. Haya yote yalipita kichwani kwa muda mfupi kuliko ninavyoyaandika. Nikasema, "Ameanguka tu. Naona ni kifafa."

Nawe ukasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtoto anayemsaidia mama yake aliyesahau, "Mama, si kifafa. Ni friji."

Nikakupiga kofi. Mbele ya watu wote wale. Nikasema, "Nyamaza. Watu wazima wanaongea."

Hukulia. Uliniangalia tu.

Mama mkwe wake akafika mbio kutoka sokoni. Akamwona vile alivyokuwa, akasikia watu wanavyosema, akapiga magoti. Jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Kumbe huyu mutoto iko na kifafa, na kwabo hawakutuambia." Nilikuwa nimemshika Kavira mkono. Kiganjani palikuwa na alama mbili nyeupe, ngozi imeiva pale aliposhika chuma. Nilivikunja vidole vyake juu ya zile alama, nikaushika mkono ule ukiwa umefumba mpaka walipompandisha kwenye baiskeli ya mzigo na kumvusha mto.

Hilo la vidole sijamwambia mtu yeyote kabla yako.

Siku ya tatu nikamwita Masereka. Alichimba, akapiga fimbo ya shaba kwa nyundo kuanzia asubuhi, akavuta waya, akabadilisha ile iliyoisha ganda nyuma ya friji. Alipomaliza alinishikisha mkono kwenye chuma cha mlango nikiwa sina viatu. Baridi tu. "Mbona sasa umekubali?" akauliza. Nikamwambia nimechoka kuahirisha. Aliokota vyombo vyake polepole. Nadhani alikuwa amesikia. Hakuniuliza tena, na tangu siku hiyo hakuwahi kukaa dukani kwangu kunywa soda.

Kavira hakuonekana sokoni. Nilijiambia yuko nyumbani na mtoto. Baada ya msimu mmoja nikamuuliza mama mmoja muuza dagaa anayetoka upande wao. Akasema, "Yule? Walimurudisha kwabo. Iko na ile ugonjwa. Mutoto alibaki kwa baba." Alisema Kavira haruhusiwi kukaribia moto wala kwenda mtoni peke yake, na ana sahani yake na kikombe chake ambavyo hakuna mwingine anayevigusa. Alisema hivyo huku akichagua pipi, kama mtu anayesimulia habari ya mvua.

Ilinipasa niondoke siku hiyo hiyo. Ni mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi. Sikwenda. Sikwenda mwaka huo wala uliofuata. Kanisani nilisimama na wengine tukaungama kwa pamoja, maneno yale ambayo yanamtosha kila mtu na hayamtaji yeyote.

Na wewe ulibadilika, nikajifanya sioni. Zamani ulikuwa unaniletea habari zote za shule kabla hujavua sare. Sasa ulijibu ukiulizwa. Ulianza kusema, "Mama, naweza kusema kitu?" kabla ya kusema hata kwamba chumvi imeisha. Watu walinisifu kwamba nina mtoto mwenye adabu. Kwenye harusi ya binamu yako kule Ibanda ulikataa kukaa chini ya hema, kwa sababu waya wa spika ulikuwa umechubuka na umefungwa kwenye nguzo ya chuma, na nyasi zilikuwa mbichi. Shangazi yako akasema huyu mtoto ana maringo. Wakacheka. Nilicheka pamoja nao, Masika. Wewe ukaenda kukaa peke yako kwenye jiwe karibu na barabara, na sahani yako ya wali magotini, mpaka tulipoondoka. Nilikuona pale muda wote. Nilijua hasa kwa nini umekaa pale.

Mwaka wa nne ndipo nilipokwenda. Hakuna jambo kubwa lililonisukuma. Nilikuwa nafagia, nikakuta nimesimama na fagio muda mrefu sijui nafikiri nini, na nikajiona nikiwa mzee katika duka lile lile, nimesimama vile vile. Nikakuambia nakwenda Kasese kuchukua bidhaa. Nikavuka.

Nilimkuta Kavira nyuma ya nyumba ya baba yake, anamenya mihogo. Alikuwa amekonda. Aliniangalia akasema, "Wewe ni Mama wa soda." Nikakaa chini, nikamwambia yote, nikilia. Yeye hakulia. Aliendelea kumenya mpaka nilipomaliza.

"Mimi nilijua," akasema. "Siku ile ile nilijua. Ile frigo yako ndiyo ilinikamata. Niliwaambia. Bwana yangu akasema, mwenye duka yeye mwenyewe amesema ni kifafa. Yeye aliona. Eti mimi nilikuwa chini, sikuona kitu."

Niliinamia maganda ya mihogo.

"Nilikungoja uje useme. Mwaka ya kwanza nilikungoja sana. Kila siku ya soko niliangalia njia. Kisha niliacha."

Nikamwambia naomba msamaha.

"Musamaha itanifanyia nini hapa, sisi wawili na mihogo? Twende kwa mama mukwe. Useme kule, mbele ya batu, vile ulisema dukani."

Tukaenda kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma. Nilisimama uani kwa watu nisiowajua, nikasema kwa sauti kwamba Kavira hana kifafa na hajawahi kuwa nacho. Kwamba friji yangu ilikuwa mbovu, fundi aliniambia, nikapuuza, na nilipoona imemkamata nikadanganya. Watoto waliacha kucheza. Mume wake alikuwepo, amekaa na mke mwingine mwenye mimba, akainamisha kichwa.  Mama mkwe akasema, "Miaka ine tumemutengea sahani." Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema tena lile lile, sasa kama anajiambia mwenyewe, akaingia ndani.

Ndoa haikurudi. Mtoto walimrudisha kwa mama yake baada ya mavuno. Nilisikia kwamba miezi ya kwanza alimwita tantine, yaani shangazi, kama mtu wa kupita, na usiku alililia kule kwingine. Sasa amezoea. Kavira amerudi sokoni na mawese yake, na pale mpakani, tangu ugonjwa ule wa kuambukiza uzuke, nanawa mikono na kupimwa joto kama yeye anavyopimwa, lakini dukani kwangu hanunui. Mara moja tu alisimama mlangoni. Akauliza, "Ulirekebisha?" Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Hakuniahidi chochote na sikumwomba.

Jioni ile niliporudi kutoka kwao nilikukuta unapika. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ukauliza, "Bidhaa umepata?" Nilikuwa nimeshasema kweli mbele ya uwanja mzima wa wageni. Ilibaki wewe, hatua tatu kutoka mlangoni. Nikasema, "Hazikuwepo." Ukanipakulia.

Nilivuka mpaka wa nchi, nikashindwa kuvuka chumba. Sijui kwa nini. Nadhani Kavira angeweza kunichukia na ningerudi nyumbani. Wewe ukinichukia, nitarudi wapi?

Basi lisikie sasa, hata kama limechelewa. Ulisema kweli. Uliona vizuri, ulitenda vizuri, ukasema vizuri, na mama yako akakupiga kwa sababu hiyo. Hukukosa adabu. Mimi ndiye niliyekosa. Huko unakokwenda utakuwa msichana kati ya wavulana wengi, na utakuta mwalimu au tajiri mwenye nyumba atakayekuambia waya wa tatu si lazima, ufunge tu, atakuja kuuweka baadaye. Sitakuambia umjibu nini. Ulijua la kusema ukiwa na miaka tisa, kabla sijakuharibia.

Kuanzia kesho nitakuwa peke yangu katika nyumba hii, na sitakudanganya kwamba siogopi. Kuna siku chache tu katika miaka hii saba ambazo sikuogopa, na zote ulikuwa umelala karibu nami. Lakini usikae kwa ajili hiyo, wala usipige simu kwa kunihurumia. Piga ukiwa na hasira pia. Nitapokea.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya shuka zako, uikute ukiwa umeshafika Jinja na mimi niko mbali nisikuone uso. Nimeishika hapa, begi liko wazi, na nimeona kwamba huko pia ni kukimbia. Nitakupa mkononi leo, ukishatua mizigo ya bibi yako na kunywa maji. Halafu nitakaa kwenye kiti kilekile unachonikuta nimekalia kila siku, nisishike kazi yoyote, mpaka umalize kusoma.

Mama yako,
Nekesa